Kubadilisha brekipedi za mbele mwenyewe nyumbani: mwongozo kamili kwa sisi wa milimani Mwanza

Anayeendesha gari Mwanza anajua breki huku hazipumziki. Ukitoka Bugando unashuka, Capri Point unapanda unashuka, Isamilo na Nyakabungo huko ndo usiseme, na kama nyumba yako iko juu ya mawe kama yangu basi kabla hujafika lami asubuhi ushakanyaga breki mara kibao. Nina jamaa yangu yuko Shinyanga, ana Toyota IST kama yangu, yeye pedi anazisahau kabisa mi huku nazihesabu. Kwahiyo nikasema niandike hii kitu taratibu, kwa anayetaka kujifunza kubadilisha pedi za mbele mwenyewe hapo nyumbani bila kumsubiri fundi anayesema nakuja sasa hivi af anakuja kesho kutwa.

Kwanza niseme kwanini nilianza. Miaka kadhaa nyuma nilipeleka gari gereji moja hapa mjini, pedali ilikuwa inashuka kidogo, dogo wa pale akafungua boneti akasema bosi haidroliki imepungua, akachukua kopo akajaza. Sikuangalia. Baada ya kama wiki mbili breki zikaanza kujishika zenyewe, unaendesha gari linakuwa zito, ukishuka ukishika rimu unaungua. Kumbe kile kilichowekwa ni ile oili nyekundu ya stelingi. Maana huku kwetu neno haidroliki linabeba vitu viwili, mtu akienda dukani akasema nipe haidroliki anaweza kupewa ya stelingi au ya breki, inategemea muuzaji kaamkaje. Mafuta ya breki na oili ya stelingi haviendani hata kidogo, mipira ya ndani ya breki ikiguswa na oili inavimba kama andazi kwenye chai, na ikishavimba hairudi. Nilibadilisha masta silinda (ile pampu kuu ya breki) na mipira yote ya magurudumu manne. Tangu siku hiyo breki zangu naziangalia mwenyewe, na dukani nasoma kopo, sisemi haidroliki, nasema nipe DOT 3, hiyo ndo aina ya mafuta ya breki.

Haya tuanze.

Utajuaje pedi zimeisha

Dalili ya kwanza ni kelele. Pedi nyingi zina kijibati kidogo kimekaa pembeni, pedi ikibaki nyembamba kile kijibati kinagusa diski kinapiga mluzi mwembamba, huo mluzi ni wa makusudi kabisa kiwandani walitaka usikie. Ukiupuuza unafuata mkwaruzo wa chuma kwa chuma, hapo sasa unakula diski na gharama imeshapanda. Ya pili ni taa nyekundu ya breki kwenye dashibodi kuwaka ukikata kona au ukiwa kwenye mteremko halafu inazima, mara nyingi ni mafuta yameshuka kwenye kikopo, na yanashuka kwasababu pedi zikilika pistoni (kile kichuma cha duara kinachosukuma pedi) inatoka nje zaidi na mafuta yanaifuata nyuma yake. Sasa wengi wakiona hivo wanajaza tu. Usijaze kwanza! Angalia pedi. Ukijaza leo af kesho ukaweka pedi mpya, pistoni ikirudishwa ndani yale mafuta yanamwagika juu na yanatoa rangi ya gari kama dawa ya kuondoa rangi.

Kupima kwa macho: geuza stelingi mpaka mwisho upande mmoja, chungulia na tochi ya simu katikati ya rimu, utaona kalipa (kile chuma kinachobana pedi) imekumbatia diski na kati yao kuna pedi. Pedi mpya inakuwa na nyama kama milimita 10 hivi. Ikibaki 3 badilisha, usisubiri ifike 1. Na ile ya ndani ndo mara nyingi inaisha mapema kuliko ya nje, kwahiyo usidanganyike na ya nje.

Kuna dalili ambazo sio za pedi na hizo usizichezee nyumbani kama ndo mara yako ya kwanza: pedali inazama taratibu ukiikanyagia kwenye foleni, kuna unyevu kwenye tairi kwa ndani, taa ya ABS (ule mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki) imewaka haizimi, au pedali imekuwa ngumu kama jiwe. Hizo mtafute fundi unayemwamini. Gari likitetemeka stelingi ukikanyaga breki kwenye mwendo, hapo shida ni diski, pedi mpya peke yake haitakusaidia.

Vitu vya kuandaa

Jeki, spana ya tairi, stendi mbili za jeki, racheti na soketi namba 14 (Toyota ndogo nyingi boliti za kalipa ni 14, ila jaribu yako kwanza), spana flati nyembamba ya kushikilia pini (kijiti cha chuma ambacho kalipa inatelezea) isizunguke, bisibisi bapa, klampu ya seremala ile ya umbo la G, brashi ya waya, msasa, waya kipande au kamba ngumu, matambara safi, bomba la sindano jipya la famasi, kopo la DOT 3 ambalo halijafunguliwa, na grisi ya silikoni ya breki. Hiyo grisi kama huipati usiweke grisi ya kawaida ya beringi kwenye pini, viraba vyake vinavimba yaleyale ya oili nyekundu. Bora usafishe pini tu uzirudishe kavu kwa muda huku unatafuta.

Kuhusu pedi zenyewe, nenda dukani na pedi ya zamani mkononi au na namba ya chesesi, maana IST na IST zinaweza kutofautiana, na muuzaji akikwambia hizi zinaingia zote bosi ujue anataka kufunga hesabu. Zishike. Pedi feki utaiona nyama yake ina kona zinazomeguka kwa kucha, imebandikwa upande kwenye bati, boksi maandishi yamekosewa. Linganisha bei maduka matatu, ile ya rahisi kupita kiasi iache hapohapo. Na zinanunuliwa seti nzima, kulia na kushoto, hakuna kubadilisha upande mmoja, gari litavuta.

Stendi za jeki najua wengi hawana na wanaona ni hela ya bure. Mwanza mawe hayajawahi kuisha, kila uwanja una jiwe la kukalia, na nimeona kwa macho yangu mtu kaweka jiwe chini ya gari af kaingia chini na sigara mdomoni. Jiwe linateleza. Tofali la bloku ndo baya zaidi, linapasuka ghafla bila kukupa taarifa. Mawe yetu kazi yake ni moja tu hapa, kuzuia tairi za nyuma zisirudi, hapo yanafaa sana na ni ya bure. Gari likae kwenye stendi.

Sehemu ya kufanyia

Hili kwa watu wa milimani ni mtihani. Unahitaji sehemu bapa na ngumu. Kama uwanja wako una mteremko nenda kwa jirani mwenye uwanja mzuri, salimia mwangaluka, omba masaa mawili, hakuna atakayekataa, ila beba vitu vyako vyote maana utasahau kitu kimoja tu na ndo hichohicho utakachohitaji. Udongo mkavu weka ubao mpana chini ya jeki isizame. Anza saa moja asubuhi, saa tano jua la hapa ukiwa umeinama juu ya rimu utajuta, na jioni kama wale wadudu wa ziwani wamekuja kama wingu jeusi kutoka majini basi usijaribu kabisa, watakuingia machoni, mdomoni, na kwenye kikopo cha mafuta ya breki kilicho wazi.

Kazi yenyewe

Weka gia P, vuta hendibreki (kwenye gari hizi inashika nyuma kwahiyo haituzuii mbele), jiwe nyuma na mbele ya tairi za nyuma zote. Fungua boneti, tafuta kikopo cha mafuta ya breki, pangusa mfuniko KABLA ya kuufungua, maana vumbi la kiangazi likiingia humo limeingia kwenye breki. Ukiona mafuta yako karibu na mstari wa MAX nyonya kidogo na ile sindano. Acha mfuniko umekaa juu bila kukazwa.

Legeza nati za tairi gari likiwa bado chini, robo mzunguko tu. Watu wanainua kwanza af wanaanza kuhangaika na nati tairi inazunguka na gari linacheza juu ya jeki, hatari. Sasa inua, jeki ikae kwenye ile sehemu yenye alama mbili za kukatwa kwenye ukingo wa chini wa bodi, nyuma kidogo ya tairi la mbele. Weka stendi, shusha gari liikalie, sukuma gari kwa mkono uone kama linacheza. Toa tairi, na lile tairi lilaze chini ya bodi, gari likidondoka liangukie tairi sio mguu wako.

Fanya upande mmoja ukamalize ndo uende wa pili. Sababu ni kwamba ukichanganyikiwa kipande gani kinakaa wapi unaenda kuchungulia upande ambao hujaugusa. Piga na picha kabla hujafungua chochote. Picha tano sita, simu unayo.

Geuza stelingi kalipa ikutazame. Nyuma yake kuna boliti mbili, ya juu na ya chini. Toa ya chini, shikilia pini kwa spana flati isizunguke, halafu kalipa unaiinua juu kama mfuniko wa sufuria na unaifunga kwa waya kwenye springi. Kama nafasi haitoshi toa zote mbili, ila KALIPA ISINING'INIE KWENYE MPIRA WAKE, ule mpira ndo unabeba breki yako yote, ukikatika kwa ndani huwezi kuona kwa nje. Pedi za zamani zitoe na angalia zimelikaje. Zikiwa zimelika sawa, safi. Ikiwa moja imeisha na mwenzake bado nene, pini zimekwama, na hii ndo sababu kubwa ya pedi kuisha haraka huku kwetu, vumbi la barabara za mtaani na maji ya mvua vinaingia kwenye kiraba kilichochanika pini inashika kutu, kalipa haitelezi, pedi moja inafanya kazi ya mbili.

Kwahiyo pini zitoe zote, zipanguse mpaka zing'ae, ikiwa na kutu ndogo pitisha msasa laini, ikiwa imechimbika nunua nyingine. Paka grisi ya silikoni kidogo, rudisha, zicheze kwa kidole bila nguvu. Kila pini irudi tundu lake, ya juu na ya chini zinaweza kuwa tofauti. Mi hapa huwa natumia muda mrefu kuliko kazi nyingine yote, na ndo sehemu ambayo fundi mwenye haraka anairuka maana haionekani kwenye hesabu.

Safisha kile kibebeo cha pedi kwa brashi ya waya, vile vibati vidogo ambavyo pedi inatelezea kama seti mpya imekuja navyo badilisha. Usipulize vumbi la breki kwa mdomo wala kwa kompresa, ni sumu kwa mapafu na pedi nyingine za zamani zilikuwa na asbesto. Lowanisha tambara kwa maji ya sabuni pangusa.

Angalia diski. Pitisha kucha kutoka katikati kwenda nje, mistari midogo sio tatizo, ukiona mifereji kucha inakwama au ukingo umebaki kama mdomo wa bakuli, diski inataka kuchongwa au kubadilishwa. Kuna maandishi yamechapwa kwenye diski, MIN TH (unene wa mwisho unaoruhusiwa) na namba ya milimita, ikifika chini ya hapo haichongwi, inatupwa. Usiguse uso wake kwa mikono ya grisi.

Sasa kurudisha pistoni. Chukua pedi ya zamani ilaze juu ya pistoni, weka klampu, kaza polepole mpaka pistoni izame yote. Polepole kweli, huku mtu wako anaangalia kikopo kisimwagike, mi namweka binti yangu pale na kazi yake ni kusema "baba inapanda". Ikigoma kabisa kuingia usilazimishe na nyundo, pistoni imeshika kutu hiyo, kazi ya fundi. Na kama siku moja utafanya za nyuma kwenye gari lenye diski nyuma, pistoni zingine zinaingia kwa kuzungushwa sio kusukumwa, ukilazimisha unavunja. IST za kawaida nyuma ni dramu, hiyo mada nyingine.

Pedi mpya zinaingia, yenye kijibati cha mluzi ikae palepale ilipokuwa ya zamani (ndo kazi ya zile picha), kwa kawaida ni ndani. Nyama iangalie diski! Usicheke, nimeona gari limeletwa pedi imewekwa mgongo ndani. Grisi ya silikoni unaweza kuipaka nyepesi sana mgongoni mwa pedi inapogusana na kalipa, kwenye nyama hata alama ya kidole isiwepo. Rudisha kalipa, boliti anza kwa mkono mpaka ziingie sawa ndo uweke racheti, kaza vizuri lakini usizining'inie, ni boliti ndogo.

Rudisha tairi, nati kwa mkono, shusha gari, kaza kwa kupishana msalaba sio kwa kuzunguka. Mwenye spana ya kupimia nguvu ya kukaza, Toyota ndogo nyingi nati za tairi ni 103 Nm. Kile kitendo cha kupanda juu ya spana na kurukaruka kinavuta stadi (zile boliti zinazoshika nati), na siku ukipata pancha usiku njia ya Usagara utailaani miguu yako mwenyewe.

Nenda upande wa pili.

Kabla hujawasha gari

Hapa ndo watu wanagonga ukuta, na simaanishi kwa maneno. Ukisharudisha pistoni ndani kuna nafasi kati ya pedi na diski, mkanyago wa kwanza pedali inaenda mpaka chini na gari HALISIMAMI. Mtu kamaliza kazi, kafurahi, anarudisha nyuma kwenye mteremko wa Isamilo... Kwahiyo gari likiwa limezimwa, mawe bado yako kwenye tairi, kanyaga pedali taratibu mara kumi au zaidi mpaka iwe ngumu juu. Ndo uangalie kikopo, ongeza DOT 3 mpaka karibu na MAX, funga.

Kama haukufungua mpira wala kile kichuchu cha kutolea upepo, hakuna upepo ulioingia, huna haja ya kutoa upepo. Ila pedali ikiwa kama sponji, au mafuta yamekuwa rangi ya chai ya rangi, basi toa upepo. Mtu mmoja kwenye pedali mwingine kwenye tairi. Mpira mwembamba kwenye kichuchu, ncha nyingine imezama kwenye chupa yenye mafuta ya breki kidogo. Wa pedali anakanyaga anashikilia, wa chini anafungua, mafuta yanatoka na mapovu, anafunga, ndo anamwambia "achia". Ukimwambia aachie kabla hujafunga umenyonya upepo upya. Kawaida unaanza na tairi la mbali zaidi na masta silinda, kwa gari zetu za stelingi kulia ni la nyuma kushoto. Kikopo kisikauke katikati ya zoezi.

Na kwanini ubadilishe mafuta ambayo hayajamwagika: mafuta ya breki yananyonya maji kutoka hewani, na sisi tunaishi kando ya ziwa. DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, ikishanyonya maji kiwango kinashuka mpaka 140. Ukishuka mlima mrefu mguu umelala kwenye breki inapata joto, maji yanakuwa mvuke, mvuke unabonyea, pedali inakuwa hewa. Kila miaka miwili badilisha. Kopo lililofunguliwa likakaa stoo tangu mwaka juzi usilitumie. Na mlimani shusha gia, kwenye ota (gari la otomatiki) weka 2 au L injini ishike gari, pedi zitakushukuru.

Kulainisha pedi mpya

Jaribu kwanza hapohapo uwanjani mwendo wa kutembea. Halafu tafuta barabara tambarare isiyo na watu, alfajiri ya Jumapili ni nzuri, nenda kama 60 punguza mpaka 20 kwa mkanyago wa wastani, usisimame kabisa, rudia kama mara kumi huku ukiacha nafasi ipoe katikati. Harufu kidogo ni kawaida. Moshi sio kawaida. Ukirudi sogeza mkono karibu na rimu zote mbili bila kushika, moja ikiwa inachoma na nyingine vuguvugu kuna kalipa inashika, fungua tena pini. Siku chache za mwanzo usiende kujaribia mteremko wa Bugando na gari limejaa watu.

Mafuta ya zamani yafunge kwenye chupa uwape gereji wanaokusanya oili chafu, lakini yakae chupa yake usiyachanganye na oili ya injini. Usimwage mtaroni, mitaro mingi ya mjini inaishia Mto Mirongo na Mirongo unaingia ziwani, ambako ndo tunavuta maji ya kunywa na sato wa jioni. Baada ya kilomita kama 100 kaza tena nati za tairi, chungulia kikopo, na andika kwenye daftari tarehe na kilomita ulizobadilishia. Mi naandika kwa penseli nyuma ya kitabu cha gari, pedi zilizopo sasa nimeziweka ikisoma 148,300.